Saidia fundi kwa mujibu wa sheria: kumbukumbu za Johannesburg



Kuna kauli moja nimeisikia mara nyingi mno tangu nilipoingia Johannesburg mwanzoni mwa 2003, na kwa aibu nakiri kwamba hata mimi nilikuwa msemaji wake. Kauli yenyewe ni kwamba wenyeji wa kule hawajui kazi. Bomba likipasuka Berea ataitwa Mmalawi, ukuta ukitaka lipu ataitwa Mzimbabwe, marumaru zikitaka kupangwa ataitwa Mmsumbiji, waya zikiungua pale Yeoville atatafutwa Mkongo anayeongea Kiswahili cha Bukavu. Basi jamaa zetu wakikutana Jumamosi kwenye nyama choma wanahitimisha: hawa wenzetu ni wavivu, wamedekezwa, wamezoea kupewa. Na wanaosema hivyo si watu wa mitaani tu. Nimeyasikia kwa wenye digrii tatu, tena wengine wanafundisha historia!

Leo naomba niibishie kauli hiyo, na nitaibishia kwa tarehe. Huruma sitaitumia, maana huruma haimshindi mtu kwenye ubishi.

Nianze na kisa changu. Nilikwenda kule kusoma shahada ya pili. Fedha za ufadhili zilichelewa kama miezi minne hivi, na mwenye nyumba hakuwa na habari na ufadhili wa mtu. Mmalawi mmoja niliyepanga naye chumba jirani alikuwa fundi bomba, ana zabuni ndogo ndogo za kukarabati magorofa ya Hillbrow na Berea. Akanichukua niwe saidia fundi. Waliokulia nyumbani hawahitaji maelezo: saidia fundi ndiye anayebeba karai, anayechanganya zege, anayepokezana spana na bisibisi, anayetumwa maji na sigara, na jioni analipwa nusu au pungufu. Nilibeba ndoo kupanda ngazi ghorofa kumi na moja kwa sababu lifti ilikuwa imekufa. (Kule tangi la kuchemshia maji wanaliita kwa neno ambalo sikioni mwetu linasikika "giza". Siku ya kwanza niliambiwa twende haraka, giza la mama mmoja limepasuka. Nilidhani umeme umekatika, nikabeba tochi.)

Mlinzi wa moja ya majengo yale alikuwa mzee wa Soweto, umri wake ulikaribia sabini. Tulimwita Ntate, kama ilivyo heshima ya Kisotho kwa mtu wa rika la baba yako. Siku moja fundi wangu alikwenda duka la vifaa, akaniacha na ukuta tulioubomoa kupitishia bomba. Nikajiambia niufunike mwenyewe nimfurahishe. Nikachanganya saruji na mchanga, nikatupa lipu, ikaanguka. Nikatupa tena, ikaanguka tena. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake anatazama. Akainuka polepole, akaloweka ukuta maji kwanza (jambo ambalo mimi sikulifanya), akachukua mwiko, na kabla fundi hajarudi ukuta ulikuwa umenyooka kama karatasi. Hakutumia pima maji wala timazi, jicho tu.

Nikamwuliza, Ntate, kumbe wewe ni mwashi? Hapo nilikuwa nimeshasema mbele yake, tena zaidi ya mara moja, yale maneno ya wenyeji kutojua kazi. Akanijibu kwa ile lugha yetu ya mchanganyiko, Kiingereza kidogo na Kizulu kidogo, kwamba serikali ndiyo iliyomfundisha uashi mwaka 1953, na serikali hiyo hiyo ikamwambia mahali ambapo ni marufuku kuutumia. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Nilidhani ni fumbo la wazee. Nikaenda maktaba. Haikuwa fumbo, ilikuwa Sheria namba 27 ya mwaka 1951.

Lakini hebu turudi nyuma kidogo, maana sheria ile haikuota kama uyoga. Johannesburg ilianza 1886 kama kambi ya mahema na mabati juu ya dhahabu. Fedha ilipotulia watu wakataka matofali. Waliofyatua matofali ya mwanzo katika bonde la karibu na Braamfontein walikuwa Makaburu maskini waliopoteza mashamba, eneo likaitwa Brickfields. Lilikuja kuchomwa moto mwaka 1904 kwa sababu ya tauni na likazaliwa upya kwa jina la Newtown. Waliojenga kwa matofali hayo, yaani waashi, maseremala, mafundi bomba, wengi walitoka Uingereza. Walikuja na vyama vyao vya ufundi, na desturi ya vyama vile tangu kwao ilikuwa kulinda ufundi usiingiliwe na wasiopitia uanagenzi. Huko kwao desturi hiyo ilimzuia jirani asiye na cheti. Ilipofika Afrika ikapata rangi.

Ikaja Sheria ya Uanagenzi ya 1922. Ukiisoma haimtaji mtu mweusi popote. Inataka tu kijana awe na kiwango fulani cha elimu na apokewe na kamati ya fani husika. Sasa jiulize, shule za watoto weusi zilikuwa ngapi wakati ule, na kwenye kamati zile walikaa akina nani? Mwaka huo huo wa 1922 wachimbaji Wazungu wa Rand waliasi kwa silaha, kisa mojawapo kikiwa ni wenye migodi kutaka kuwapa weusi kazi za nusu ufundi kwa mshahara wa chini. Uasi ukazimwa kwa mabomu ya ndege, lakini matakwa ya waasi yakatimizwa kupitia bunge. Sheria ya Upatanishi wa Viwanda ya 1924 ilieleza "mwajiriwa" ni nani, na maelezo hayo yakamwacha nje mwanamume mweusi anayebeba pasi. Yaani mtu anaweza kutwanga zege mchana kutwa na kisheria akawa si mwajiriwa!

Vita vya pili vya dunia vikavuruga hesabu. Viwanda vilipanuka, watu wakamiminika mjini, nyumba zikawa hakuna. Mwaka 1944 James Mpanza aliwaongoza wapangaji wa Orlando kwenda kujijengea vibanda kwenye uwanja mtupu, na Jiji likashindwa kuwaondoa. Baada ya vita mashaka yakazidi. Hapa ndipo penye kiini cha mambo: serikali ilihitaji maelfu ya nyumba za watu weusi, lakini mwashi Mzungu kwa mshahara wake aliifanya nyumba moja kuwa ghali kupita uwezo wa mpangaji, na serikali haikutaka kufidia. Njia pekee ilikuwa kumfundisha mtu mweusi ujenzi. Na vyama vya Wazungu vikasema, mkimfundisha atakuja kututoa sokoni.

Sheria ya 1951 ya Wafanyakazi Wenyeji wa Ujenzi ilikuwa jibu kwa wote wawili. Iliruhusu watu weusi wafunzwe uashi, useremala, bomba na rangi, waandikishwe rasmi, na mshahara wao upangwe kando, chini kabisa ya ule wa Mzungu. Papo hapo ikaharamisha mtu mweusi kufanya kazi ya ufundi ya ujenzi katika eneo la mji lisilo la weusi, na ikaharamisha mwajiri kumpa kazi hiyo. Ukikamatwa ni mahakamani.

Tafakari maana yake kwa vitendo. Ntate alipanga matofali Soweto (jina lenyewe Soweto lilitangazwa rasmi 1963, ila tulitumie). Nyumba zile za vyumba vinne mnazoziona kwenye picha, zinazofanana kama viberiti, ramani yake iliitwa 51/6, na hiyo 51 ni mwaka. Mwaka 1956 Ernest Oppenheimer aliwashawishi wenye migodi waikopeshe Johannesburg pauni milioni 3, zikajengwa nyumba zaidi ya 14,000. Waliozijenga ni vijana weusi waliofundishwa kwa muda mfupi, wakigawanywa vikosi: hiki msingi, hiki kuta, hiki paa. Ule ulikuwa ujenzi wa kasi ambao nchi zetu hazijaufikia hadi leo. Halafu mtu yule yule akipanda treni kwenda mjini, kama kilomita ishirini, ufundi wake unakuwa kosa la jinai. Mjini anaruhusiwa kubeba tofali, si kulilaza.

Mzee alinisimulia baadaye, tulipozoeana, kwamba kwenye miaka ya sitini aliajiriwa mjini kama kibarua wa zege kwa mwashi mmoja Mzungu. Mwashi yule alipenda kukaa kivulini, na mwiko alikuwa anashika Ntate. Kulikuwa na mtoto wa kuangalia barabara. Mkaguzi akionekana mtoto anapiga mluzi, mwiko unarudi kwa mwenye ngozi inayotakiwa, Ntate anainama kwenye karai. Mkaguzi akiondoka kazi inaendelea. Alikuwa anacheka anaposimulia. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mluzi ule ulinigusa: nilikuwa nafanya kazi bila kibali, na mtoto wetu wa kuangalia barabara tulikuwa naye pia.

Nadhani magorofa mengi ya Hillbrow yalijengwa kwa mtindo huo wa mluzi. Waajiri walianza kuivunja fani vipande vipande, kipande hiki kikaitwa si ufundi ili mweusi akifanye, na uchumi ulipochachamaa wakaomba misamaha ya sheria. Hata hivyo mafundi hawakutosha. Na serikali ilifanya nini? Mwaka 1961 iliunda idara maalumu ya uhamiaji kuvuta Wazungu kutoka Ulaya, wakaja Waingereza, Wareno, Waitaliano, Wagiriki. Naomba mlishike hili. Nchi yenye maelfu ya waashi weusi waliofundishwa na serikali yenyewe iliagiza waashi wa ng'ambo, ikawalipia na usafiri. Carlton Centre yenye ghorofa 50 ikakamilika 1973, Ponte yenye ghorofa 54 mwaka 1975. Leo mtu akisema "wageni wamechukua kazi za mafundi" mimi huuliza, kuanzia mwaka gani?

Tume ya Wiehahn iliteuliwa 1977 na 1979 ikapendekeza utengaji wa kazi kwa rangi ufutwe. Mwaka 1981 sheria mpya ya mafunzo ikafungua uanagenzi kwa rangi zote. Hesabu mwenyewe: kutoka 1922 hadi 1981 ni miaka 59. Hivyo ni vizazi viwili na zaidi. Na ufundi, ndugu zangu, hausomwi kitabuni. Unashikwa mkono. Mtoto anamwona baba akinoa patasi, anamwona mjomba akinyoosha bomba, anakwenda kazini likizo. Ntate alikuwa na watoto wanne, hakuna hata mmoja aliyejua uashi. Nilimwuliza kwa nini hakuwafundisha. Aliniambia, ningewafundisha kitu cha kujificha nacho?

Sasa najua kuna mtu atasema: sawa, lakini ubaguzi uliisha 1994, zaidi ya miaka thelathini imepita, kisingizio hadi lini? Swali halali, na nakubali kwamba sheria ya 1951 haielezi kila kitu. Kilichotokea ni kwamba mlango ulifunguliwa wakati nyumba inabomolewa. Mashirika makubwa ya umma, reli, umeme, chuma, ndiyo yaliyokuwa yakipokea wanagenzi kwa wingi. Kuanzia miaka ya themanini yakaanza kupunguza watu na kujiandaa kwa biashara huria, uanagenzi ukawa wa kwanza kukatwa. Makampuni ya ujenzi nayo yakaacha kuajiri mafundi, yakawa yanamwita mkandarasi mdogo aje na watu wake kwa kazi ya wiki mbili. Mkandarasi wa wiki mbili atamfundisha nani? Sheria ya kukuza ujuzi ya 1998 ilileta tozo na mamlaka za mafunzo za kisekta, na fedha nyingi zilipita humo. Mafundi waliotoka hawakulingana na fedha hizo. Kijana wa Alexandra anayetaka kutambuliwa lazima apite mtihani wa fani, wengine hufanyia Olifantsfontein, na kabla ya mtihani anatakiwa aonyeshe muda aliofanya kazi chini ya fundi. Fundi yupi? Ndipo panapokwama.

Na tuwe wakweli kwa upande wetu pia. Mkandarasi anampendelea mgeni kwa sababu anajua kazi, ndiyo, lakini vilevile kwa sababu mgeni asiye na karatasi hawezi kwenda kulalamika. Mimi nililipwa chini ya kiwango cha baraza la ujenzi na sikufungua mdomo. Mwenyeji aliyesimama kona ile ile na mimi, ameandika "rangi, marumaru, bomba" kwenye kipande cha boksi, alipitwa na gari kwa sababu yeye angedai haki yake. Hasira yake ina sababu. Ilipolipuka Alexandra Mei 2008 na kuenea nchi nzima, watu 62 walikufa, na hasira ile haikwenda kwa mkandarasi. Ilikuja kwenye vyumba vyetu. Mmalawi wangu alilala siku tisa kituo cha polisi, alipotoka akakuta mashine yake ya kukatia mabomba na vifaa vyote vimebebwa. Alirudi Blantyre.

Sisi tuna historia yetu inayofanana, ila hatuisemi. Wazee wetu wa Rungwe na Mbeya walikwenda migodi ya Rand kwa mikataba ya Wenela mpaka Tanganyika huru ilipofunga mlango ule. Na nyumbani, jumba la mawe la zama za mkoloni lilijengwa na Kalasinga na Mhindi, Mwafrika alikuwa nani? Saidia fundi. Hapakuwa na sheria namba 27, palikuwa na mshahara wa ngazi tatu kwa rangi tatu, ukafanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna mkaguzi aliyemzuia saidia fundi kuiba ufundi kwa macho, na akishaiba kuufanyia biashara Kariakoo au Magomeni mchana kweupe. Ndiyo maana leo mtaa wowote wa Dar una fundi. Siyo damu yetu, wala bidii yetu ya ajabu.

Wataalamu wa lugha waliomo humu watanisahihisha, lakini lipo jambo hunifurahisha. Kizulu kina kitenzi -funda, kujifunza au kusoma, na umfundi ni mwanafunzi. Kiswahili tuna funda, fundisha, funzo, na fundi ni yule aliyekwisha kujua. Kiingereza cha Afrika Kusini kimelichukua neno fundi kutoka lugha za Kinguni kwa maana ya mtaalamu, utasikia mtu anaitwa fundi wa kompyuta au fundi wa mvinyo. Nilimweleza Ntate kwamba kwetu fundi ni yeye mwenye mwiko. Akasema kwao mtu wa mwiko aliitwa "boy" wa zege hata akiwa na wajukuu.

Nimalizie na jengo moja. Mtaa wa Albert namba 80, katikati ya mji, mwaka 1954 lilijengwa jengo la ofisi kuu ya pasi ya Jiji. Mwanamume mweusi aliyetaka kufanya kazi Johannesburg alipanga foleni pale, akapimwa, akagongewa muhuri au akapewa saa 72 aondoke mjini. Ntate alisimama kwenye foleni ile zaidi ya mara moja. Muhuri wake ulimtambua kama kibarua, ingawa alikuwa na cheti cha uashi mfukoni.

Baada ya pasi kufutwa 1986 jengo lilibadilishwa matumizi, likawa makazi ya kuhifadhi wanawake na watoto, ndipo jina la Usindiso. Jiji ndilo mwenye nyumba. Halafu likaachwa. Mliowahi kukarabati mnajua jengo linavyokufa: kwanza pampu, halafu lifti, halafu maji yanapanda ukutani, mtu anaunganisha waya kwa mkono, milango ya dharura inafungwa kwa minyororo kuzuia wezi, vyumba vinagawanywa kwa mbao na mapazia. Hakuna hata kimoja katika hivyo kisichoweza kutengenezwa na mafundi watatu na bajeti. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 moto uliwaka, wakafa watu 76. Walikuwamo wenyeji, Wamalawi, na Watanzania wenzetu. Tume ya jaji mstaafu Sisi Khampepe katika ripoti yake ya kwanza ya 2024 iliona Jiji linabeba lawama kwa kuliacha jengo lake katika hali ile.

Wiki ile simu zilikuwa nyingi, kila mtu anatafuta jina la ndugu. Kwenye mazungumzo hayo hayo ya msiba mmoja wetu akasema tena, unajua hawa jamaa hata kutunza majengo hawawezi. Nikamwuliza kama anajua jengo lile lilikuwa ofisi ya nini. Hakujua. Nikaanza kumsimulia habari za mzee mmoja, mwiko, na mtoto wa kupiga mluzi, na salio la simu likaisha katikati.

Ntate alifariki 2011. Ukuta ule nilikwenda kuuangalia miaka michache baadaye. Rangi ilikuwa imebanduka chumba kizima, dari imeanguka upande mmoja, lakini lipu yake ilikuwa bado imeshika.